Shemeji anauza tiketi, na pesa niliyoshika si yangu peke yangu

Jambo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Nauza kwenye soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi: nywele, mikoba, viatu vya wanawake. Miaka yote nachukua bidhaa kwa wenye depo, wale wanaoleta kontena. Mwaka huu tukasema basi. Tuko wanawake watatu wa likelemba moja, yaani kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, tumeweka pesa pamoja ili twende Guangzhou wenyewe, tuone mali kwa macho yetu. Wenzangu wamenipa mimi pesa ya safari niishike, kwa sababu nilisoma kidogo na simu naijua. Mmoja ni yaya, yaani dada mkubwa kwetu, umri wake ni wa kunizaa, hajawahi kupanda ndege, na Kifaransa chake ni cha sokoni. Wa pili ni kijana, amemwachisha mtoto ziwa juzi tu ili asafiri.

Tatizo limeanzia kwenye tiketi. Mdogo wa mume wangu ana ajansi ya safari. Si ofisi kubwa, ni meza moja, kompyuta, na picha ya ndege ukutani. Nilipotafuta mwenyewe kwenye simu, tiketi moja ya kwenda na kurudi, Lubumbashi, Addis Ababa, Guangzhou, ilikuwa dola 1,480 kwa mtu, na mabegi mawili ya kilo 23 yamo. Shemeji akacheka, akasema hiyo ni bei ya wasiojua. Yeye atatupitisha Bangkok: tiketi ya kwanza mpaka Bangkok, tunalala pale, asubuhi tunapanda ndege nyingine, zile za bei ya chini, mpaka Guangzhou. Kurudi vilevile. Jumla dola 1,160. Kwa watu watatu tunabakiza dola 960. Mama, hiyo 960 kwetu ni katoni za nywele.

Niliona ni neema. Halafu nikaanza kusikia maneno. Mtu mmoja wa kanisa letu alilipa tiketi ya Dubai kwa shemeji mwaka jana. Alipofika uwanjani jina lake halikuwepo kwenye orodha. Shemeji alisema ni mtandao, na kweli baada ya siku chache alimpatia tiketi nyingine. Lakini yule mtu alikuwa amekwisha kuaga mtaa mzima, akarudi na masanduku yake kwenye teksi, watu wanamwangalia.

Nikamwambia mume wangu tununue kwingine. Alinyamaza, kisha akasema: "Ukimpita mdogo wangu, mama atasema umekuja kututenganisha." Na huyu shemeji ndiye aliyelipa hospitali mwanangu wa tatu alipokuwa na malaria ya kichwa. Sijasahau. Sasa anapiga simu kila jioni: bei inakwisha, leteni pesa yote keshi, nafasi zinakwenda. Wenzangu hawajui haya. Wanadhani tiketi ziko tayari. Yaya amekwisha kushona nguo za safari.

Nikikataa, navunja nyumba. Nikikubali na kitu kikaharibika, sokoni nitaitwa mwizi. Na hiyo ya Bangkok, ni ujanja mzuri au ni mtego? Tunataka kusafiri mwezi wa nne, wakati wa yale maonyesho makubwa ya Guangzhou, kwani wanasema ndipo mali zote zinaonekana.

Aksanti.

Mshika mfuko, Lubumbashi

JIBU

Mdogo wangu, pole kwa mzigo. Umeniuliza kuhusu tiketi, lakini barua yako imefunga maswali matatu pamoja: kama njia ya Bangkok ni nafuu kweli, kama shemeji ni mtu wa kukabidhiwa pesa yote kwa mkupuo, na kama wenzako wana haki ya kujua unachokijua wewe. Yakiendelea kufungana hivyo, kila utakalosema litasikika kama tusi kwa mtu fulani. Tuyafungue moja moja.

Naanza na Bangkok, kwa sababu huko hakuna mkwe.

Ndege za bei ya chini za Asia si utapeli. AirAsia ya Malaysia, IndiGo ya India na nyingine za aina hiyo zinabeba watu wengi sana kila siku, na mtu mwenye begi dogo na viza sahihi anazunguka nazo nchi tatu kwa pesa ambayo hapa kwetu haikufikishi hata Kinshasa. Shemeji hakubuni kitu. Swali langu ni kama njia hiyo imekatwa kwa kipimo chenu: wanawake watatu wenye pasipoti ya Kongo, wanaorudi na mizigo.

Bangkok ina viwanja viwili vikubwa. Ndege ya kutoka Addis Ababa inatua Suvarnabhumi, mashariki mwa mji. AirAsia inaruka kutoka Don Mueang, kaskazini. Kutoka kimoja kwenda kingine ni barabara ndefu na foleni ya magari, na ili utoke nje ya kiwanja cha kwanza lazima uingie Thailand rasmi, upigwe muhuri. Mkongomani anahitaji viza ya Thailand, na anaiomba kabla ya kusafiri. Kisha safari ya kurudi inawapitisha palepale, kwa hiyo mtaingia Thailand mara mbili. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kutumika siku ile ya kwanza. Je, ile 1,160 ina viza hizo ndani? Muulize, na usiridhike na "tutaona".

Nenda kwenye mizigo. Tiketi ya bei ya chini, ile bei unayoiona kwanza, kwa kawaida inaruhusu begi la mkononi la kilo 7 tu. Masanduku unayalipia mbali, na ukisubiri kuyalipia uwanjani ni ghali kuliko kuyalipia mapema kwenye mtandao. Zile kilo 23 mara mbili ulizoziona kwenye tiketi ya Addis zitakufikisha Bangkok, na hapo utazipokea mwenyewe, uzikokote mpaka kiwanja kingine, uzilipie upya. Kurudi ni hivyohivyo, tena mabegi yakiwa yamejaa nywele na mikoba.

Sasa chukua kalamu. Kutoka kwenye ile dola 320 ya kila mtu, toa viza ya Thailand, toa mabegi kwenda na kurudi, toa chumba cha kulala, toa usafiri wa kiwanja hadi kiwanja, toa chakula. Fanya hesabu hiyo pamoja na shemeji mwenyewe, kwenye meza yake, bila hasira. Inawezekana kitabaki kitu. Inawezekana kisibaki.

Halafu kuna jambo ambalo halina bei mpaka siku linapotokea. Safari yote ikiwa kwenye tiketi moja, ndege ya Lubumbashi ikichelewa na mkakosa ya Guangzhou, shirika ndilo linalotafuta namna ya kuwafikisha. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ile ndege ya pili haiwajui. Itaondoka, na pesa yake imekwenda. Anayebeba hasara hapo ni nani? Si shirika, na sidhani kama ni shemeji. Ni ninyi watatu, mko Bangkok. Kwa kijana asiye na haraka, hasara hiyo inaweza kustahili kubahatishwa. Kwa yaya ambaye hajawahi kupanda ndege, mimi ningemwachia yeye aseme.

Niruhusu niguse jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu huenda pesa mnayoitafuta imejificha hapo. Mbona lazima iwe wakati wa maonyesho?

Maonyesho ya Guangzhou, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka, na ya majira ya kwanza huanza tarehe 15 Aprili hadi 5 Mei, kwa awamu tatu. Kwa miaka ya karibuni mikoba na viatu vimekuwa kwenye awamu ya tatu, mwanzoni mwa Mei. Mkienda katikati ya Aprili mkarudi kabla ya mwezi kuisha, mtakuta mashine na vyombo vya nyumbani, na mikoba yenu bado haijapangwa mezani. Tena wenye meza pale ni viwanda vinavyotafuta mtu wa kuagiza maelfu. Mwanamke wa soko la Kenya mwenye katoni kadhaa anahudumiwa vizuri zaidi kwenye masoko ya jumla ya mji huo, kama yale ya mikoba ya ngozi upande wa Sanyuanli, ambayo hayasubiri maonyesho. Pale Xiaobei utakuta Waafrika wengi waliozoea kazi hii, Wakongomani wakiwemo. Na siku za maonyesho vyumba vya hoteli vinapanda bei kwa sababu mji mzima umejaa wageni.

Viti vya ndege moja huuzwa kwa bei tofauti. Vile vya bei ndogo ndivyo vinavyokwisha kwanza, na msimu wenye wasafiri wengi vinakwisha mapema. Jaribu kuweka kwenye simu yako tarehe za katikati ya Mei au za Machi, siku za katikati ya wiki, kwa ileile tiketi moja ya Addis. Linganisha na Kenya Airways kupitia Nairobi. Fanya hivyo kabla hujamjibu shemeji chochote. Ila epuka kipindi cha mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, maduka yanafungwa na wafanyakazi wanarudi kwao, utafika kutazama milango.

Kuna wanaoenda kupandia Ndola, Zambia, kwa kuwa Ethiopian inafika pale pia. Iangalie, lakini hesabu na barabara. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa muda, kisa ugomvi wa bia na vinywaji baridi. Waliokuwa na ndege siku hiyo walijua wenyewe.

Haya. Sasa shemeji.

Umeniandikia mambo mawili juu yake na umeyaacha yasimame pamoja bila kulifuta mojawapo: alimlipia mwanao hospitali, na mtu wa kanisa alirudishwa uwanjani. Nakupenda kwa hilo. Wengi wangenifichia moja ili niwape jibu wanalolitaka.

Ile habari ya Dubai huenda haikuwa wizi. Kuna tofauti kati ya nafasi iliyowekwa na tiketi iliyotolewa, na ajansi nyingi ndogo zinaishi katikati ya hivyo viwili. Nafasi inaweza kuwekwa kabla ya kulipa shirika: unapewa karatasi nzuri yenye jina lako, saa za ndege na kodi, yaani alama ya siri, ya herufi na tarakimu sita. Muda ukipita bila malipo, inafutika. Ajansi isiyo na idhini ya IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, haiwezi kutoa tiketi yenyewe, inapitia kwa ajansi kubwa. Mwenye meza akipokea pesa yako leo, akaitumia kuziba tiketi ya mteja wa jana, akitegemea mteja wa kesho, siku mnyororo ukikatika ndipo jina linakosekana. Mtu mwema kabisa anaweza kuingia humo. Ndiyo maana wema wake kwako hautoshi kunijibu kama tiketi yako itakuwa imetolewa.

Lakini kuna kitu kinachojibu. Tiketi ya kweli ya shirika kubwa ina namba ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lenyewe: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Ukiwa na ile kodi ya sita na jina la ukoo, unafungua tovuti ya shirika na kuiona safari yako, au unapita ofisini kwao na kuuliza. Zile ndege za bei ya chini mara nyingi hutoa kodi tu, na unaikagua kwenye tovuti yao. Hii kazi ni ya dakika chache, na umesema simu unaijua.

Kwa hiyo kati ya "kumpita shemeji" na "kumpa pesa yote keshi" kuna nafasi ambayo sijaiona kwenye barua yako. Unaweza kumwambia: "Shemeji, kazi ni yako, lakini nataka ile tiketi moja ya Addis, na nitalipa nikiwa nimekaa hapa, namba zikitoka kwenye kompyuta yako." Akikubali, amepata faida yake na mama mkwe hana la kusema. Akikataa, au akiendelea na "leo jioni bei inakwisha", utakuwa umejifunza kitu. Hatari yake ni kwamba anaweza kusikia dharau, hasa ukimwambia mbele ya watu. Unaweza pia kumpa aanze na tiketi yako peke yako, na za wenzako zifuate baada ya yako kuthibitika. Hapo hatari ni kupanda ndege tofauti, au bei kusogea katikati.

Kununua mwenyewe kwenye intaneti nako si raha tupu. Kadi ya benki inaweza kukataliwa, ukikosea herufi moja ya jina hakuna wa kumlilia, na ile tovuti yenye bei ndogo kuliko zote mara nyingi si ya shirika. Ni mchuuzi wa katikati, na ukitaka kubadilisha tarehe atakuzungusha. Na nyumbani utakuwa na maneno ya mama mkwe, ambayo siyadharau hata kidogo. Wewe ndiwe utakayekaa nayo baada ya katoni kuuzwa.

Kuhusu mume wako, naona tumempa kosa haraka. Alinyamaza kabla ya kujibu. Inawezekana naye anaijua habari ya Dubai kuliko wewe, na anaona aibu ya ndugu yake. Ukimwuliza "tununue kwa nani", unamlazimisha achague kati ya mkewe na mdogo wake. Ungemwuliza je, "pesa ya wanawake wawili wa watu ikipotea, sisi tutailipa vipi?" Hilo ni swali la nyumba yenu, na anaweza kulijibu bila kumsaliti mtu. Pengine yeye mwenyewe ndiye atakayetaka kuwepo siku ya kulipa, na neno la kaka kwa mdogo wake lina uzito ambao lako halina.

Wenzako ndio wananisumbua zaidi, nikuambie ukweli. Umewaficha ili wasiogope, naelewa. Lakini walikupa pesa uishike, sijaona popote kwamba walikupa na hatari waibebe bila kujua. Ukichagua Bangkok peke yako na ikafanikiwa, hakuna atakayekumbuka. Ikiharibika, utakuwa umeamua kwa niaba ya yaya kitu ambacho angeweza kukiamua mwenyewe. Kuna hatari pia ukisema: mmoja anaweza kuogopa na kudai pesa yake, habari za shemeji zikatoka sokoni kabla hazijafika kwa mama mkwe. Kwa hiyo pima utakavyosema. Unaweza kuwaeleza njia mbili, saa kwa saa, mahali pa kulala, mabegi, viza, bei ya mwisho baada ya hesabu, bila kutaja Dubai kabisa. Kisha uwasikilize. Usishangae kama yaya ndiye atakayesema twende Bangkok, nimeshona nguo za kutembelea.

Na kabla hamjalipa popote, fungueni pasipoti zote tatu mezani. Sisi tuna jina, postnom (jina linalofuata lile la kwanza) na jina la ubatizo, na tiketi inataka yaandikwe kama yalivyo kwenye ile mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, si kama yaya anavyoitwa sokoni. Angalieni pasipoti haziishi muda karibuni. Viza ya China iombeni mkijua mnaingia mara ngapi: mkipanga kutoka kwenda Hong Kong na kurejea Guangzhou, huko ni kuingia mara ya pili. Uliza kama go-pass, ile ada ya uwanja wa ndege, imo kwenye bei au mtailipa Luano, uwanjani kwetu. Kadi ya manjano ya homa ya manjano kila mtu awe na yake. Chanjo inahesabika baada ya siku 10, na tangu 2016 haina mwisho, kwa hiyo yaya kama ana ya zamani asichomwe tena, aitafute tu ndani ya sanduku.